Maneno Yaliyonaswa kwa Siri

Majuma machache yaliyopita kijana mmoja alifika ofisini petu, akafunga mlango bila kuombwa, akaweka simu yake juu ya meza. "Padre," akasema, "naomba usikilize, kisha uniambie kama nina haki." Kabla hatujamjibu alikuwa amekwisha kuigusa ile simu, nayo ikaanza kusema.

Sauti ilikuwa ya kaka yake mkubwa. (Tumebadili mambo mawili matatu ya habari hii, ili watu wa nyumba hiyo wasitambulike.) Baba yao alipofariki aliacha shamba la migomba na kahawa, wala hakuacha wosia wa maandishi. Mbele ya ukoo kaka mtu ameshikilia tangu siku ya matanga kwamba shamba lote ni lake. Lakini usiku mmoja, wawili hao wakiota moto jikoni, alikiri kwa kinywa chake kwamba marehemu alimwita yeye na mama yao, akawaambia kuwa upande wa mtoni ni wa mdogo. Mama naye amekwisha kufariki. Shahidi mwingine hayupo. Simu ilikuwa katika mfuko wa shati la kijana, na kesi i karibu kusikilizwa katika baraza la ardhi.

Tulisikiliza. Twaona haya kusema hivyo, maana ilitupasa kumzuia kwanza na kumwuliza. Na kaka mtu alipokwisha kukiri habari ya shamba hakunyamaza. Aliendelea kusema jambo jingine la maisha yake mwenyewe, lisilohusu shamba wala ukoo, jambo ambalo mtu humwambia ndugu yake tu, usiku, moto ukififia. Hatutaliandika hapa. Lakini tumelisikia, na sasa kila Dominika tumwonapo mlangoni pa kanisa akitupa mkono, twajua jambo ambalo yeye hajui kwamba twalijua.

Basi swali la kijana yule limetukaa moyoni. Je, ni halali kunasa maneno ya mtu pasipo yeye kujua? Na yakiisha kunaswa, je, hakimu ayapokee? Wako watakaosema kwamba swali hili ni la mawakili, Wakristu wa kawaida waliache. La hasha! Zamani kinasa sauti kilikuwa chombo kizito cha redio na cha polisi, na aliyekileta chumbani alionekana na wote. Leo chombo hicho kimo mfukoni mwa mama muuza samaki, mwa mwanafunzi wa sekondari, na mwa mume anayemshuku mkewe. Kila nyumba imekuwa na uwezo ambao serikali zenyewe hazikuwa nao miaka mia moja iliyopita. Ni ajabu tukifikiri kwamba uwezo huo hautudai dhamiri.

Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Liko tendo la mtu wa tatu anayetega sikio kati ya wawili wasiojua kwamba yupo. Na liko tendo la mmoja wa wasemaji mwenyewe, anayehifadhi katika chombo yale aliyoambiwa yeye. La kwanza twaliita udukuzi. La pili bado halijapata jina zuri, na ndilo alilolitenda kijana wetu.

Habari ya udukuzi ina historia ndefu huko Marekani. Mwaka 1928 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba maofisa walionasa mazungumzo ya simu ya wauza pombe ya magendo hawakuvunja Katiba, kwa kuwa nyaya zilikuwa nje na hakuna aliyeingia nyumbani mwa mtu. Jaji Louis Brandeis alipinga. Aliona mbele kwamba vyombo vya kupenya katika faragha vitazidi kuwa vikali, na sheria isiyotazama ila kuta na milango itaachwa nyuma. Iliwabidi wenzake miaka 39 kufika pale alipokuwa amesimama. Mwaka 1967, katika kesi ya mcheza kamari mmoja wa Los Angeles ambaye maofisa walikuwa wamebandika kinasa sauti juu ya kibanda cha simu alichokitumia, Mahakama hiyo ilisema kwamba Katiba hulinda watu, si mahali. Mwaka uliofuata Bunge lao lilitunga sheria ya kunasa mazungumzo: serikali haina budi kupata hati ya jaji, bali mtu aliye mmoja wa wasemaji aweza kunasa bila kumwarifu mwenziwe, maadamu hakusudii uhalifu. Hata hivyo baadhi ya majimbo, California likiwamo, yamekataa ruhusa hiyo ya pili, nayo hutaka wote wanaozungumza wakubali.

Huko Ujerumani sheria ni kali zaidi. Kunasa bila idhini maneno ambayo mtu ameyasema faraghani ni kosa la jinai. Na mwaka 1973 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilikataa sauti iliyonaswa kwa siri isitumiwe katika kesi ya ulaghai na kukwepa kodi katika mauzo ya nyumba. Lakini haikufunga mlango kabisa, ikasema kwamba penye uhalifu mzito zaidi mizani yaweza kulala upande mwingine. Ufaransa nayo ilikuwa ikiukataa kabisa ushahidi wa namna hii katika mashauri ya madai, hata tarehe 22 Desemba 2023, mahakama yake ya juu ilipokutana katika baraza kamili na kubadili msimamo. Shauri lilikuwa la mwajiri aliyenasa kwa siri mazungumzo yake na mfanyakazi. Tangu siku hiyo hakimu wa huko hana budi kupima: je, ushahidi huu ni wa lazima kabisa ili haki ionekane, na je, madhara yake kwa faragha yalingana na haja hiyo?

Twaona basi kwamba mataifa yenye mawakili wengi hayakukubaliana. Nasi hatuwalaumu, maana jambo lenyewe lina pande mbili za kweli.

Tuanze na upande wa kijana. Tangu kale sheria imeruhusu mtu kusimama mbele ya hakimu na kusema, "Fulani aliniambia hivi." Aliyesikia kwa masikio yake anashuhudia, na hakuna anayemwita mwizi. Kama kijana angesimama barazani na kuyasimulia yale yale kwa kumbukumbu yake, hakuna padre wala hakimu ambaye angemkemea. Basi simu imeongeza nini? Imeongeza usahihi tu. Kaka mtu ana haki ya kunyamaza, ana haki ya kutomwambia ndugu yake jambo lo lote. Lakini hana haki ya kusema kweli jikoni na kuikana barazani baada ya kiapo. Hakuna mtu aliye na haki ya kusema uongo mbele ya hakimu. Kwa hiyo aliyenyang'anywa nafasi ya kusema uongo hakunyang'anywa kitu kilicho chake.

Hoja hii ina nguvu, wala hatujapata jibu la kuiangusha yote. Lakini ina ufa mmoja, na ufa huo ndio uliotupata sisi wenyewe siku ile ofisini. Shahidi aliye mtu huchagua. Angesimama barazani, kijana angesema habari ya shamba na kunyamaza juu ya lile jingine, kwa aibu, au kwa huruma, au kwa kuwa damu ni nzito. Chombo hakijui aibu. Huchota maji na tope pamoja, kikamimina vyote mbele ya karani wa baraza, mbele ya majirani waliokaa kwenye benchi, na, tukisema kweli, mbele ya padre asiyekuwa na haki ya kusikia. Mtu aliyesema jikoni alijua nani yuko jikoni. Aliyapima maneno yake kwa kipimo cha sikio moja. Kumbe alikuwa akihutubia umati, hali hakuambiwa. Wahenga walisema, siri ya mtungi iulize kata. Hawakutazamia kwamba kata nayo itakuja kusema sokoni.

Tena chombo hiki hudanganya kwa namna yake. Mwaka 1964 huko Bradford, Uingereza, polisi waliokuwa wakipeleleza mauaji waliwaacha wanaume wawili kutoka Pakistan peke yao katika chumba cha jengo la halmashauri, penye kinasa sauti kilichofichwa. Wawili hao walizungumza kwa lahaja yao ya Kipunjabi, na maneno yale yakapelekwa mahakamani. Mahakama ya rufani ikakubali kwamba sauti iliyonaswa yaweza kuwa ushahidi, mradi usahihi wake uthibitishwe na sauti za wasemaji zitambulike. Ikaonya kwamba yapasa kuipokea kwa hadhari. Wasomaji wetu wanaoishi penye lugha nyingi hawahitaji kuelezwa ugumu wa jambo hilo. Neno moja la Kihaya au la Kisukuma, likitafsiriwa na mtu mvivu, laweza kumpeleka mtu gerezani. Na sauti iliyokatwa mwanzo wake hubadili mzaha ukawa kitisho. Siku hizi yako hata mashine yanayoweza kuigiza sauti ya mtu hai, akasikika akisema asiyoyasema kamwe. Ndiyo maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 humtaka hakimu aangalie jinsi ushahidi wa namna hiyo ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa, na ni nani aliyeutoa. Na Sheria ya Ushahidi ya Kenya hudai hati ya uthibitisho iandamane nao.

Hayo ni habari za ukweli wa chombo. Liko swali zito zaidi: ikiwa chombo ni cha kweli, lakini kilichonaswa kimepatikana kwa kuvunja sheria, je, hakimu akipokee?

Swali hili halikutujia kutoka Ulaya tu. Moja ya hukumu zilizotajwa sana ulimwenguni juu ya jambo hili ilitoka Kenya, wakati wa Hali ya Hatari. Mtu mmoja, Kuruma mwana wa Kaniu, alikuwa akienda kwa baiskeli, akasimamishwa na polisi njiani, akapekuliwa. Ikasemwa kwamba alikutwa na risasi mbili. Siku zile kukutwa na risasi ilikuwa ni kifo. Lakini kanuni za Hali ya Hatari zenyewe zilisema kwamba askari wa cheo kidogo, chini ya Mkaguzi Msaidizi, hana ruhusa ya kumpekua mtu namna ile. Nao waliompekua walikuwa wa cheo hicho kidogo. Ilisemwa pia kwamba pamoja na risasi kilionekana kisu cha mfukoni. Kisu hicho hakikuletwa mahakamani. Wazee wa baraza waliokaa na hakimu walishauri mtu huyu aachiliwe. Hakimu hakuufuata ushauri wao, akamhukumu kufa.

Rufani ilifika London, katika Baraza la Malkia lililokuwa likisikiliza mashauri ya makoloni. Mwishoni mwa mwaka 1954 Bwana Goddard, Jaji Mkuu wa Uingereza, alitoa uamuzi: la kuulizwa ni kama ushahidi unahusu shauri, ukihusu, mahakama haijishughulishi na njia uliyopatikana. Jaji aweza kuukataa ikiwa ungemwonea mshtakiwa, lakini upungufu wa cheo cha askari hautoshi. Rufani ikatupwa.

Tumeifikiri hukumu hii mara nyingi. Twakubali kwamba ndani yake limo neno la busara: risasi haigeuki kuwa jiwe kwa sababu aliyeiona hana cheo. Lakini tazameni yaliyotokea kwa kweli. Kanuni ile ya cheo haikuwekwa kwa ajili ya heshima ya maofisa. Iliwekwa kwa sababu askari mdogo, usiku, njiani, aweza kuingiza risasi mfukoni mwa mtu kisha akaitoa. Ilikuwa kinga pekee ya mwenye baiskeli. Mahakama iliposema kwamba haiulizi njia, iliiondoa kinga ile pale pale ilipohitajiwa, katika shauri ambalo wazee watatu wenye kuijua nchi walikuwa na shaka. Anayenunua kitu pasipo kuuliza kilipotoka huwafundisha wezi kazi yao. Na serikali ikijua kwamba mahakama haitauliza, mafunzo hayo huenea upesi katika vituo vyote.

Miaka 56 baadaye wananchi wa Kenya walijiandikia wenyewe neno jingine. Katiba yao ya mwaka 2010, katika Ibara ya 31, hulinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu. Na Ibara ya 50 husema kwamba ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za msingi utaondolewa, ikiwa kuupokea kungefanya kesi isiwe ya haki au kungeharibu utoaji wa haki wenyewe. Kwa upande wa Tanzania, Ibara ya 16 ya Katiba huhifadhi heshima ya mtu, maisha ya familia yake, maskani yake na mawasiliano yake binafsi. Nayo Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 humpa hakimu uwezo wa kuukataa ushahidi uliopatikana kinyume cha sheria, asipoona kwamba kuupokea kwafaa umma kwa kweli pasipo kudhulumu haki za mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo hukataza kuingilia mawasiliano ya wengine bila ruhusa. Sheria hizi ni nzuri. Lakini sheria nzuri haijisomi yenyewe. Yataka hakimu asiyeogopa, na wakili ambaye maskini aweza kumlipa.

Sasa tuje kwenye habari inayowagusa Wakatoliki kuliko nyingine zote. Tarehe 22 Aprili 1996 Padre Timothy Mockaitis alikwenda kumwungamisha kijana mmoja katika gereza la wilaya ya Lane, jimbo la Oregon, Marekani. Kijana huyo alikuwa akishukiwa kuwaua vijana watatu. Padre hakujua, wala hangeweza kudhani, kwamba kitubio kile kinanaswa. Waendesha mashtaka walipata hati ya hakimu, wakaupata ukanda, wakausikiliza, wakauandika neno kwa neno.

Habari ilipotoka palikuwa na kishindo, wala si miongoni mwa Wakatoliki tu. Mwendesha mashtaka alitangaza kwamba hatautumia ukanda ule. Padre, pamoja na Askofu Mkuu Francis George wa Portland, walikwenda mahakamani kutaka uharibiwe. Mwezi Januari 1997 mahakama ya rufani ya shirikisho, kwa kalamu ya Jaji John Noonan, iliamua kwamba kunasa kitubio kile kulivunja sheria ya mwaka 1993 ya kulinda uhuru wa dini, na kulivunja Katiba pia. Mfungwa hutazamia kusikilizwa, walisema watu. Lakini jaji alimtazama padre. Padre huyo alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba nchi ambayo kwa muda mrefu imeheshimu siri ya kitubio haitatega sikio pale anapompatanisha mtu na Mungu wake.

Lakini ukanda haukuharibiwa. Mawakili wa mfungwa wenyewe walitaka uhifadhiwe, wakisema huenda ukamfaa mteja wao, naye alikuwa akikabiliwa na hatari ya kifo. Hapa ndipo akili husimama. Kitu kilichopatikana kwa uovu, ambacho Kanisa lataka kiteketezwe, chaweza kuwa ndicho kamba ya mwisho ya mtu anayezama. Mwaka 1998 alipatikana na hatia ya mauaji yale, akahukumiwa kifo.

Tukiwaza wazazi wa wale vijana watatu, hatuthubutu kusema maneno mepesi. Wao wangeweza kutuuliza: "Je, siri ina thamani kuliko damu ya watoto wetu?" Jibu letu ni kwamba mtu yule hangesema neno lo lote kama angejua kuwa ukuta unasikia. Siri ya kitubio haimnyang'anyi hakimu ushahidi, kwa maana bila siri hiyo maneno yenyewe yasingekuwapo. Anayeivunja anakula mbegu. Mara ya kwanza atashiba, kisha hatavuna tena kamwe, naye mwenye dhambi atabaki na dhambi yake, asipate hata yule mmoja ambaye angemwambia, "Rudi, kairekebishe."

Kanisa limelishika jambo hili kwa ukali. Mwaka 1973, na tena mwaka 1988, Roma ilitoa maamuzi dhidi ya wanaonasa maungamo kwa vyombo na kuyatangaza. Na katika sheria mpya ya adhabu za Kanisa, iliyoanza kutumika tarehe 8 Desemba 2021, kosa hilo limetajwa wazi, hata kama maungamo yenyewe yalikuwa ya kuigiza tu.

Twajua wako watakaosema kwamba sisi mapadre twaitetea siri kwa kuwa yatufaa. Shutuma hiyo haikutoka hewani. Wako watu wa Kanisa waliolitumia neno "siri" kufunika maovu yao wenyewe, na walioumia walikuwa watoto. Basi na ieleweke: kifungo cha kitubio humfunga padre, hakimfungi kinywa muungamaji aliyetendewa vibaya, yeye ni huru kushtaki. Na mzazi anayehifadhi katika simu vitisho ambavyo padre, katekista au mwalimu amempigia mwanawe, hajagusa Sakramenti yo yote. Ameilinda nyumba yake.

Neno hilo latuleta kwa wanyonge. Tunapowaambia watu, "Msinase kwa siri," tukumbuke ni nani atakayetii. Mwenye nguvu ana mashahidi, ana karatasi, ana mhuri. Msichana wa kazi anayetukanwa jikoni hana shahidi. Mwanafunzi anayeambiwa na mwalimu kwamba alama zake zitapatikana chumbani kwake hana shahidi. Naye mwalimu huyo amechagua saa na mahali kwa kusudi hilo hilo. Sheria ya Tanzania ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 inaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa, lakini mlalamikaji atalithibitishaje? Anayemwonea mtu faraghani amekwisha kuichafua faragha hiyo yeye mwenyewe. Hawezi kuidai kama ngao. Mtakatifu Thoma wa Akwino, alipoandika habari za mashahidi, aliiweka siri ya kitubio peke yake mahali pasipoguswa. Lakini kwa siri nyingine alifundisha kwamba, ikiwa kunyamaza kwaleta madhara makubwa kwa jamii au kwa mtu mwingine, kunyamaza si wajibu. Katekisimu ya siku zetu nayo yakubali kwamba hata siri za kazi zina mpaka huo. Sisi hatuoni kwa nini msichana yule, akiweka simu katika mfuko wa aproni, ahesabiwe mdukuzi. Twamwomba jambo moja tu: aipeleke sauti hiyo kwa wenye mamlaka, asiipeleke sokoni.

Maana ugonjwa mkubwa wa siku hizi, tukisema kweli, hauko mahakamani. Sauti nyingi zinazonaswa hazimfikii hakimu ye yote. Hutumwa kwa shoga, shoga akaituma kwa jamaa, na kabla ya jua kuchwa ugomvi wa mke na mume umesikilizwa na watu wasiowajua wala kuwapenda. Hapo hakuna haki inayotafutwa. Wanandoa walionasana hutujia mara kwa mara, kila mmoja na simu yake, kama mawakili wawili. Na kila mmoja ana ushahidi mzuri sana. Hatujapata kuona ndoa iliyopona kwa ushahidi wa namna hiyo. Mtu akijua kwamba meza yake inasikiliza, huanza kusema yale tu ambayo angependa yasikike, na nyumba hugeuka baraza lisilo na mapumziko. Watoto nao hujifunza upesi.

Tulimrudishia kijana simu yake. Tulimwambia kwamba, kwa kuwa alikuwa mmoja wa wasemaji, na kwa kuwa hana shahidi mwingine wa haki yake, hatuwezi kusema ametenda dhambi kwa kuyahifadhi maneno ya shamba. Na kwamba baraza litaamua lenyewe kama litayapokea. Lakini yale mengine si yake. Hakuyapewa ayagawe. Kama atayapeleka barazani, na amwombe mwenyekiti ayasikilize kwanza faraghani, na yasiyohusu shamba yasisomwe mbele za watu. Wala asiukate ukanda kwa mkono wake, maana akiukata atakuwa ameuharibu ushahidi wake mwenyewe.

Kisha tukamwuliza kama kaka yake anajua. Hakujibu. Tukamwomba aende kwake kwanza, amwambie, "Kaka, nilikunasa," kabla hajasikia hayo barazani. Alitutazama kama mtu aliyeombwa kuutoa mkono wake. Akasema kaka atakana, atakwenda kwa mawakili, atatengeneza maneno mengine. Huenda ni kweli. Hatukuweza kumhakikishia kinyume.

Alikwenda siku ya Alhamisi. Kaka mtu hakusema habari ya shamba hata kidogo. Aliuliza swali moja tu: "Na yale mengine, nani ameyasikia?" Kijana alitaja jina letu.

Kesi haijasikilizwa bado. Dominika iliyopita kaka mtu hakupita mlangoni tulipokuwa tumesimama; alitokea mlango wa upande, yeye na watoto wake. Juma hili tutakwenda kwake.